Masta ya mifumo ya taarifa: majibu ya maswali yenu kuhusu kozi ya uchambuzi wa mifumo

Toleo lililopita tuligusia kidogo masta za mifumo ya taarifa na tangu hapo meseji hazijakatika. Wengi wenu mmeshapata barua za udahili au mko mbioni kuomba, na karibu wote mnauliza kozi ile ile moja ya semista ya kwanza, uchambuzi na usanifu wa mifumo. Nimechukua maswali ambayo jibu lake linawafaa na wengine, nimeyafupisha kidogo tu. Kozi hii nimeisoma na baadae nikaifundisha, kwa hiyo naongea kama ninavyoijua.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhasibu, niko Morogoro, digrii yangu ni ya uhasibu na nimemaliza chuo kitambo. Nimepata nafasi ya masta ya mifumo ya taarifa ila rafiki yangu wa IT kaniambia kwenye hiyo kozi ya uchambuzi bila kujua programingi nitadisko. Niache niombe MBA?

Marhaba mdogo wangu. Usiache, rafiki yako anachanganya kozi hii na ile ya programingi. Kwenye uchambuzi wa mifumo haukai kuandika programu, unakaa kutafuta jinsi kazi inavyofanyika sasa hivi, inakwama wapi, nani anahitaji nini, halafu unaandika na kuchora vizuri kiasi kwamba bosi akisoma na yule mwandishi wa programu akisoma wote wanaelewa kitu kimoja. Hapo ndo kazi ilipo na hapo ndo watu wanapofeli, hata wale waliotoka IT, tena wao wanapata shida zaidi maana wanakimbilia kujenga kabla hawajauliza.

Mfano mzuri uko hapa hapa kwetu. M-Pesa haikuanza kama huduma ya kutumiana hela. Majaribio yalianza Kenya Oktoba 2005, Vodafone na Safaricom pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, wateja hawakufika hata 500, na lengo lilikuwa mtu arudishe mkopo wake kwa simu badala ya kubeba hela kwenda kwenye kikao cha kikundi. Walipoangalia watu wanavyoitumia wakakuta mambo mengine kabisa, mtu anamtumia ndugu yake hela, mfanyabiashara anamlipa mwenzake, mwingine anaweka hela kwenye simu kabla ya safari anaenda kuitoa anakofika. Na upande wa pili ile taasisi ikawa inapata shida kuoanisha malipo ya simu na vitabu vyake. Mtu asieangalia angesema wateja wanatumia vibaya, wao wakabadilisha huduma ifuate watu, na ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 ujumbe ukawa tuma pesa nyumbani. Basi huo ndo uchambuzi wa mifumo, na hauhitaji kujua lugha ya programu hata moja.

Sasa wewe mhasibu una vitu ambavyo wenzako watavitafuta kwako. Kwenye upembuzi yakinifu mtatakiwa kuonyesha kama mfumo mpya utalipa, mda wa kurudisha mtaji, thamani halisi ya sasa ya hela zitakazoingia miaka ijayo, hizo hesabu wewe unazifanya umefumba macho na mwenzako wa IT ndo kwanza anazisikia. Udhibiti wa ndani pia, kwamba anaeidhinisha malipo asiwe ndo huyo huyo anaelipa, hiyo kwenye mfumo inageuka kuwa nani anaruhusiwa kubonyeza nini.

Unachopungukiwa ni databesi. Kuna michoro ya uhusiano wa data, ile aliyoileta Peter Chen mwaka 1976, yenye mteja, oda, bidhaa na mistari ya kuonyesha mmoja kwa wengi au wengi kwa wengi. Hiyo anza kuisoma kabla semista haijafunguliwa, chukua daftari lako la mauzo au hata la michango ya harusi jaribu kulichora, na kama una nafasi jifunze maswali mepesi ya SQL, ile lugha ya kuiuliza databesi. Pia waulize chuo kama kuna kozi ya daraja kwa wanaotoka fani nyingine, na kama ipo ulize inahesabiwa kwenye kredit au ni ya nyongeza, na inalipiwa kivyake au imo kwenye ada. Uliza kabla hujalipa. Kuhusu GPA, vyuo vingi Tanzania vinaanzia 2.7 kati ya 5, yani daraja la pili la chini, kwa hiyo aliekuwa chini ya hapo njia yake ya kawaida ni kupitia stashahada ya uzamili kwanza.

Habari mwalimu, mimi ni nesi Tanga, nafanya kazi kwa shifti. Hiyo kozi moja tu inakula mda gani kwa wiki? Naweza kusoma jioni huku nafanya kazi?

Salama dada, na pole kwa kazi. Tupige hesabu. Kwa utaratibu wa TCU, yani Tume ya Vyuo Vikuu, kredit moja ni saa 10 za kusoma, na hizo saa sio za kukaa darasani tu, ni pindi, kusoma mwenyewe, asaimenti, mradi na mtihani vyote humo. Masta nzima inaanzia kredit 180. Sasa ukikuta kozi ya uchambuzi imeandikwa kredit 12 maana yake ni saa 120, ukizigawa kwa semista ya wiki 15 unapata saa 8 kwa wiki. Kozi moja hiyo. Ukichukua nne zenye uzito huo ni saa 32, na bado una shifti, una watoto, una maisha.

Ndo maana nawashauri wenye kazi za shifti wasijaze semista ya kwanza. Kama chuo kinaruhusu kusoma kwa nusu mda chukua kozi mbili, uchambuzi iwe moja wapo, na usiiweke pamoja na kozi nyingine yenye mradi wa kundi maana hapo hutalala. Pindi za jioni unaweza kuzimudu, tatizo kubwa ni vikao vya kundi na kwenda kuhoji watu ofisini kwao, na watu wa ofisini wanapatikana mchana wa siku za kazi, hawakusubiri saa 2 usiku. Hapo shifti inakusaidia kweli, ukitoka usiku una mchana ambao mwenzako wa benki hana, japo usingizi utaudai. Waambie kundi lako mapema kwamba mahojiano ya mchana utayachukua wewe na wao wachukue kuandika.

Na mahudhurio yaangalie sana. Vyuo vingi vina kiwango cha chini cha mahudhurio ambacho ukikikosa hukai mtihani hata kama kozi wok yako ni nzuri, kwa hiyo siku ya kwanza soma ile hati ya kozi anayogawa mwalimu, kiwango kimeandikwa humo. Kama umeajiriwa serikalini omba ruhusa ya masomo kwa maandishi hata kama unasoma jioni, kuna siku ya testi itagongana na shifti na utahitaji karatasi mkononi ya kumuonyesha metroni.

Mwalimu nafanya kazi benki hapa Mwanza. Nataka mradi wetu uwe juu ya mfumo wa mikopo wa benki yangu, wenzangu wanataka duka la vifaa vya ujenzi la mjomba wa mwenzetu mmoja kule Buzuruga. Mimi naona duka ni kitu kidogo sana kwa ngazi ya masta. Tuamulie.

Chukueni duka la mjomba, na hili nalisema kwa nguvu zote kwa sababu nimeona makundi mazuri yakizama hapa. Benki yako itakuomba barua, barua itaenda makao makuu, watu wa sheria wataisoma, watauliza taarifa za wateja zitakuwa salama vipi, na wana haki ya kuuliza. Ikirudi jibu wiki ya tisa nyie mtachambua nini? Mjomba anaweza kukubali leo jioni. Kwenye kozi hii hamtapewa maksi kwa ukubwa wa ofisi, zinatoka kwenye kina cha mlichokiona.

Na dukani kuna kina, we nenda tu. Kaeni pale kaunta Jumamosi moja mpaka mchana, msiulize kitu, angalieni. Mteja anakuja anataka mifuko 20 ya saruji na nondo za milimita 12, muuzaji anaandika kwenye kikaratasi, mteja anaenda kwa keshia analipa taslimu au kwa simu, anapewa risiti ya EFD, anarudi na kikaratasi stoo, mtu wa stoo anatoa mzigo na kuweka tiki kwenye daftari lake. Mnaweza kuchora hiyo mkadhani mmemaliza. Halafu ulizeni swali moja tu, na yule anaechukua leo akalipa mwisho wa mwezi? Hapo ndo droo inafunguliwa, linatoka daftari la madeni, majina ya mafundi na namba zao za simu, mengine yamekatwa kwa kalamu nyekundu, mengine yameandikwa mara mbili kwa sababu fundi mmoja ana majina mawili, jina lake na lile la utani. Mjomba kwenye mahojiano hakulitaja, sio kwamba alificha, hakuona kama ni sehemu ya mfumo. Na kumbe hela nyingi inayomchelewa iko humo. Mfumo mtakaousanifu bila hilo daftari hata ukiwa mzuri namna gani utakaa wiki mbili utaachwa.

Sasa kwenye kuchora mtiririko wa data. Anzeni na mchoro wa juu kabisa, duka lote ni duara moja, pembeni mnaweka walio nje wanaopeana nalo taarifa, na kila taarifa inachorwa kwa mshale, mteja, fundi wa mkopo, msambazaji wa saruji, TRA, benki au wakala wa simu. Baada ya hapo mnalifungua lile duara, pokea oda, pokea malipo, toa mzigo, fuatilia madeni, agiza mzigo mpya. Kila mshale ulioingia kwenye mchoro wa juu lazima uonekane na wa chini, ukipotea mmoja mwalimu atauona kabla hajakaa vizuri. Data haiwezi kutoka daftari la stoo kwenda daftari la madeni yenyewe tu bila mtu au kazi katikati ya kuihamisha. Na kazi inayotoa ripoti bila kupokea chochote hiyo ni muujiza, kama ambavyo ile inayopokea kila kitu bila kutoa kitu ni shimo jeusi. Makosa hayo yanakata maksi kila mwaka na ni ya kuepukika kabisa, mkikaa mezani mkafuatisha mshale mmoja mmoja kwa kidole mnayakuta.

Barua ya utambulisho kutoka chuoni muiombe wiki ya kwanza au ya pili, hata kama mjomba ni mjomba. Mkifika dukani muombeni asaini kwamba amekubali. Majina ya wadaiwa msiyaweke kwenye ripoti wala namba zao, andikeni fundi A, fundi B. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, Kenya wana yao ya 2019, na mchambuzi wa mifumo ambae hajaizoea anaanza kazi na pengo. Nesi wangu wa Tanga na wewe sikia hapa, taarifa za afya zinahesabika kuwa nyeti, usipige picha faili la mgonjwa kwa ajili ya asaimenti hata ukificha jina, chora fomu tupu.

Hivi kuna haja gani ya kwenda kuhoji watu siku hizi? Akili mnemba inatoa maswali na inatoa majibu, mahitaji ya mfumo wa hospitali yote inayo. Mimi niko Dodoma, semista ya pili.

Kijana wangu, maswali inaweza kukusaidia kuyaandaa, sina ugomvi na hilo kama chuo chako kinaruhusu na ukasema wazi kwamba umeitumia. Majibu hapana. Mahojiano ambayo hayakufanyika ni udanganyifu wa kitaaluma na adhabu yake unaijua. Lakini ngoja nikupe sababu iliyo nzito kuliko adhabu.

London, tarehe 26 Oktoba 1992, huduma ya magari ya wagonjwa ya jiji iliwasha mfumo mpya wa kompyuta wa kupanga gari lipi liende wapi. Kwenye karatasi ulikuwa na kila kitu ambacho mfumo wa namna hiyo unatakiwa kuwa nacho. Ila ulitegemea kujua kila gari liko wapi na linafanya nini karibu bila kosa, na barabarani mambo hayako hivo, wahudumu wanabonyeza kitufe kisicho chenyewe, redio haishiki, wengine wanachukua gari tofauti na walilopangiwa. Mfumo ukaanza kupeleka magari mawili sehemu moja, taarifa za makosa zikajaa kwenye skrini mpaka za dharura zikasukumwa juu zisionekane, watu wanapiga simu tena na tena kuuliza gari liko wapi na simu hizo zikazidi kuujaza. Kesho yake wakarudi kufanya nusu kwa mkono, Novemba 4 ukazimika kabisa wakarudi kwenye karatasi. Uchunguzi uliotoka 1993 ulisema pamoja na mambo mengine kwamba wahudumu na wapangaji hawakushirikishwa vya kutosha, mafunzo hayakutosha na majaribio hayakukamilika. Akili mnemba itakupa orodha ya mahitaji ya hospitali yoyote, haitakwambia kwamba kwenye hospitali yako umeme ukikatika daktari anaandika nyuma ya kadi na hiyo kadi inaingizwa kwenye kompyuta kesho yake na mtu mwingine. Hilo utalipata ukiwa umesimama pale.

Kingine, ukishafanya mahojiano usiyamwage mazima kwenye hizo programu za mtandaoni yakufupishie. Umemwahidi mtu kwamba maneno yake yatabaki kwenu, kumbe umeyapeleka kwenye seva ambayo huijui iko nchi gani.

Kundi letu tuko watano, wanaofanya kazi ni wawili. Mwalimu wetu hataki kusikia. Tufanyeje? (wawili wa Mbeya)

Poleni jamani, hii inaumiza. Kaeni kikao kimoja mgawane sehemu kwa jina na tarehe, mtu mmoja aandike muhtasari na kuutuma kwenye grupu siku hiyo hiyo, kila kikao hivo hivo. Kazi iwekwe kwenye faili moja la pamoja linaloonyesha nani aliandika nini na lini. Baada ya wiki tatu hamuendi kwa mwalimu kulalamika, mnaenda na rekodi, na hapo walimu wengi wanasikia. Ulizeni pia kama kuna fomu ya kupimana wenyewe kwa wenyewe, kozi nyingi za miradi zinayo na wanafunzi hawajui. Ila kabla ya yote waulizeni hao watatu taratibu, mara nyingine utakuta mmoja haelewi michoro na anaona aibu kusema, mpeni kazi ya kuhoji watu na kupanga miadi, wapo wanaong'aa hapo.

Laptopu gani ninunue na programu zipi? Na vitabu je, toleo jipya bei yake haishikiki.

Yoyote yenye RAM ya GB 8 inatosha, usikope kwa ajili hii. Kuchora tumia draw.io, ni ya bure na unaweza kuishusha ukachora bila bando, huna haja ya kununua Visio. Sampuli ya skrini za mfumo fanyia Figma au hata karatasi na penseli, karatasi nzuri zaidi kwa siku ya kwanza maana mjomba wa duka hataogopa kukosoa kitu kilichochorwa kwa penseli. Marejeo yawekee Zotero. Vitabu chukua toleo la zamani la maktaba bila wasiwasi, michoro ya mtiririko wa data haijabadilika kwa maana kubwa tangu mwisho wa miaka ya 1970. Angalia tu kiwe na sura ya UML, lugha ya michoro ya kusanifu mifumo ambayo ilipitishwa kuwa kiwango mwaka 1997, na sura ya ajaili, ile namna ya kufanya kazi kwa vipande vifupi iliyotangazwa Utah Marekani mwaka 2001, maana maswali ya mtihani siku hizi hayakosi kulinganisha ajaili na njia ya hatua kwa hatua.

Digrii yangu nimesoma India, na sekondari nilisoma Uganda. Nitapata shida kuomba masta Tanzania?

Shida hapana ila anza mapema. Digrii ya nje inapelekwa TCU itambuliwe, na vyeti vya sekondari vya Uganda vinapelekwa NECTA vilinganishwe na vya kwetu. Ni ofisi mbili tofauti na maombi mawili tofauti, watu wanapeleka kimoja wanadhani wamemaliza. Kama matokeo yako ya India yameandikwa kwa asilimia au kwa GPA ya kati ya 10 usiyabadilishe mwenyewe kwenye fomu, andika kama yalivyo na uambatanishe maelezo ya madaraja yanayokuwa nyuma ya transkripti. Majina yakitofautiana kati ya cheti na cheti, hata herufi moja, tengeneza hati ya kiapo kwa wakili kabla dirisha halijafunguliwa. Na ukishapewa kumbukumbu namba ya malipo ya ada ya maombi lipa kupitia namba hiyo hiyo ya chuo, asije mtu akakwambia umtumie kwenye simu yake akulipie.